Je, Yafaa Mtu wa Haki Kuketi Katika Baraza Lisilo la Haki?



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili katika mtaa mmoja ulio kando ya Runzewe, mzee mmoja wa Kanisa alitujia akasema ana neno. Jina lake hatulitaji, maana halitawafaa ninyi kitu. Ni mtu aliyepita miaka hamsini, mwenye shamba la mahindi na la mpunga, ajuaye kusoma na kuandika, na watu wote wa mtaa wamjua kuwa hasemi uongo. Karibu na shamba lake imeonekana dhahabu. Basi wenye leseni ya machimbo wamemwomba aingie katika kamati yao, ahudhurie siku ya mgao, aangalie viroba vya mawe vikihesabiwa, tena asuluhishe ugomvi kati ya wachimbaji na wenye maduara. Nao watampa posho.

Vijana wa mtaa waliposikia habari hiyo, na baadhi yao ni waimbaji wa kwaya, walimwendea wakamwambia, "Mzee, mgao ule si wa haki. Ukiketi pale, wewe ndiwe utakayekuwa nguo ya kuficha uchi wao." Lakini wajane wawili, ambao wana wao hushuka katika maduara yale kila siku, walimwambia, "Baba, usikatae. Usipokuwapo wewe, ni nani atakayehesabu?" Naye akatuuliza, "Mchungaji, niketi au nisiketi?"

Tulimwomba atupe siku chache. Hatukuwa na jibu, tena tulikuwa na sababu ya kuona haya, nayo tutaisema mbele. Tukafikiri, tukaona kwamba swali hili si la mzee mmoja tu. Lamhusu mwalimu aliyewekwa katika kamati ya kijiji, na karani katika ofisi ya mwenye mali, na mwinjilisti aitwaye aombe sala penye mkutano wa wakubwa. Tena ndilo swali lililowasumbua watu walioitafutia nchi yetu uhuru, hata likawatenga ndugu na ndugu. Kwa hiyo tumeona vema kuliandika hapa.

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme twasoma habari za watu wawili walioishi katika siku za mfalme Ahabu. Mmoja ni Eliya, aliyesimama nje ya nyumba ya mfalme na kumkemea waziwazi. Wa pili ni Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu yule yule. Alikula mkate wa mfalme, akatoka na kuingia kwa amri ya mfalme. Lakini Yezebeli alipowaua manabii, Obadia aliwatwaa manabii mia moja, akawaficha hamsini katika pango hili na hamsini katika pango lile, akawalisha kwa chakula na maji. Sisi wahubiri twapenda sana kuhubiri habari za Eliya. Habari za Obadia twazipita upesi, kana kwamba alikuwa mlinzi wa mlango tu. Hata hivyo manabii mia walikuwa hai kwa sababu yake.

Sasa na tuiangalie nchi yetu wenyewe. Kabla vijana wetu hawajaanza kukimbilia mawe ya dhahabu, mali ya watu wa kando ya Ziwa ilikuwa pamba. Mkulima wa Usukuma alilima kwa jembe la mkono, akapalilia, akachuma, akachambua iliyo safi na iliyo chafu, kisha akaipeleka gulioni. Na penye gulio palikuwa na mizani. Mwenye mizani alikuwa mnunuzi, naye mnunuzi alifanya biashara pamoja na wenye vinu vya kuchambulia pamba, ambao siku zile walikuwa Wahindi. Hatusemi kwamba kila Mhindi alikuwa mwizi. Kusema hivyo ni dhambi, tena si kweli. Lakini mkulima asiyejua kusoma namba alisimama mbele ya chuma asichokielewa, akaambiwa uzito, akapokea fedha, akaenda zake. Wengi waliona kuwa mzigo uliowaumiza shingo njiani ulikuwa mwepesi mno ulipofika gulioni.

Katika siku hizo alitokea kijana aitwaye Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Musoma, naye alikuwa mwana wa mhubiri wa Kiadventista. Alisoma Ikizu, na baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani katika machimbo ya almasi ya Mwadui, hapa Shinyanga. Mwaka 1947 alikwenda Mwanza kushika kazi katika chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika. Huko alisikia kilio cha wakulima, na yeye pamoja na wenzake wakatafuta dawa.

Dawa waliyoipata haikuwa fujo. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua namba, wapime pamba kwa mizani nyingine kabla haijafika kwa mnunuzi. Nao wapimaji hao walilipwa na wakulima wenyewe. Twawasihi mlikumbuke neno hili moja, maana tutalirudia. Mtu akijua uzito wake kabla ya kufika mbele ya mwenye nguvu, hadanganyiki kwa urahisi.

Kutoka mwanzo ule mdogo kikatokea chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha vyama vya ushirika vikaanza kuandikishwa. Bwana Bomani alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, naye akawa meneja wake. Ilipofika mwaka 1960 shirikisho hilo lilikuwa na vyama zaidi ya 300, likinunua pamba yote ya nchi hiyo, tena likimiliki vinu. Watu walioitwa wajinga mbele ya mizani walikuwa sasa ndio wenye mizani.

Lakini maisha yake yalikuwa na upande wa pili, na huo ndio uhusuo swali letu. Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Saadani Abdu Kandoro, mtu wa Ujiji, Mwislamu na mshairi, aliyekuwa amefanya kazi ya siasa Mwanza pamoja na Bomani katika Chama cha Waafrika. Serikali ya Waingereza ilikiogopa chama kipya, na katika Jimbo la Ziwa ikakataza matawi yake. Katazo hilo lilikaa tangu 1954 hata 1958. Katika miaka hiyo hiyo Bwana Bomani alikubali kuteuliwa na serikali kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Na baraza lile lilikuwa la namna gani? Mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio wa serikali viligawanywa sawasawa: kumi vya Wazungu, kumi vya Wahindi, na kumi vya Waafrika. Kwa macho ya mtu asiyefikiri mgao huo ulionekana kuwa wa haki, maana namba zilikuwa sawa. Lakini Waafrika walikuwa mamilioni, na Wazungu walikuwa maelfu machache. Ilikuwa mizani ile ile ya gulioni, iliyowekwa sasa katika jumba la sheria.

Basi Bwana Bomani aliketi katika baraza lisilo la haki, kwa uteuzi wa serikali iliyokuwa imekataza chama cha watu wake katika jimbo lake. Wako waliomwona kuwa amekuwa mtu wa serikali. Je, walikosea?

Tuwape kwanza haki yao wale wanaokataa. Hoja zao ni tatu, wala si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba mtu mwema akiketi katika baraza baya hulipa baraza lile heshima. Watu wakipita humwona, nao husema, "Kama fulani yumo, basi si baya sana." Hivyo wema wake wageuka kuwa chombo cha uovu.

Ya pili ni kwamba kiti kina utamu. Mtu huingia ili awatetee wengine, lakini baada ya mwaka mmoja aona vigumu kurudi katika kigoda chake cha zamani. Ulimi uliozoea asali husahau ukali wa mwarobaini. Hakuna aliyemwamuru anyamaze, ananyamaza mwenyewe.

Ya tatu ni kwamba mlango mdogo ukifunguliwa, watu huacha kuulilia mlango mkubwa. Mwenye nguvu hutoa kipande ili asidaiwe mkate mzima.

Hoja hizo watu wa Geita walizijua kwa damu na jasho. Serikali ilitaka kuwawekea baraza la wilaya la mseto, ambalo Wazungu na Wahindi wangekuwa na viti ndani yake, katika wilaya ambayo wageni hao walikuwa wachache mno. Watu walikuwa tayari wamechoshwa na amri za kupunguza ng'ombe, na za kulima matuta, na faini zake. Mwaka 1958 walikataa. Umati wa watu wa Geita ulikwenda mpaka Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo, na polisi wakawatawanya kwa moshi uumizao macho. Lakini hawakulikubali baraza lile, na mwisho serikali ikaacha shauri la kuwalazimisha, na katazo la TANU katika jimbo likaondolewa mwaka ule ule. Watu wale hawakuwa wasomi. Walisimama tu, wakasema hapana. Nasi twasema wazi kwamba kama wote wangalifanya kama Bwana Bomani, na pasiwe na hata mmoja wa kusimama nje, baraza la mseto lingaliwekwa Geita bila kelele, na mwenye nguvu angalisema watu wameridhika.

Lakini sasa tuwasikilize na wengine.

Wasema kwamba pamba hupimwa msimu huu, haingoji uhuru. Mjane mwenye gunia moja la pamba hawezi kuambiwa, "Ngoja mpaka nchi itakapokuwa yetu, ndipo tutakapokupimia." Ana watoto wa kulisha leo. Yeye amtetee nani? Mtu aliye karibu na mizani. Katika miaka minne ambayo chama cha siasa kilikatazwa, vyama vya ushirika havikukatazwa. Humo wakulima walijifunza kuitisha mkutano, kuchagua mwenyekiti, kutunza daftari la fedha, na kumwondoa karani mwizi. Kujitawala hujifunzwa, na huko ndiko walikojifunza.

Wasema tena kwamba hata viongozi wa uhuru walipofika penye njia panda walichagua kuingia. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Serikali ilikuwa imeamuru uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, la sivyo kura yake yaharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, bali mwenye elimu au kipato au cheo fulani. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi waingie katika uchaguzi huo mbaya ili wauondoe ubaya wake, nao wakakubali, na shauri hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaanzisha chama chake. Watu wa TANU wakashinda katika uchaguzi uliotungwa ili wasishinde, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Mwaonaje basi, ndugu? Wa Geita walikataa baraza, na wa Tabora waliingia katika uchaguzi, mwaka ule ule mmoja, kwa kusudi lile lile moja. Je, mmoja wao alitenda dhambi? Sisi twaona kwamba hakuna aliyetenda dhambi. Lakini tusikimbilie kusema kuwa njia zote ni sawa, maana ziko njia mbili zenye sura moja na mioyo miwili. Yupo aketiye kwa ajili ya watu, na yupo aketiye kwa ajili ya kiti. Tutawatambuaje?

Turudi kwa Obadia. Neno lake lina mwisho ambao wengi hatuufikii. Siku moja Eliya alikutana naye njiani, akamwambia, "Nenda ukamwambie bwana wako kwamba Eliya yupo." Obadia aliogopa sana. Alijua kwamba akipeleka habari hiyo, kisha Eliya asionekane, yeye atauawa. Akaeleza hofu yake bila kuificha, akakumbusha na habari za wale manabii mia. Lakini mwisho alikwenda, akamwambia Ahabu. Kama asingalikwenda, wema wake wote wa pangoni ungalibaki wema wa sirini, na Karmeli isingalikuwapo.

Hapo twapata dalili mbili za mtu aketiye kwa haki. Dalili ya kwanza ni pango: Je, mkate wa barazani wafika kwa walio pangoni, au waishia tumboni mwake? Usimtazame alivyovaa wala asemavyo. Uliza ni nani ashibaye kwa sababu yeye yumo mle. Dalili ya pili ni ujumbe: ijapo siku ya kumpelekea mwenye nguvu neno asilolipenda, je, atakwenda? Kuogopa si kosa, Obadia aliogopa. Kosa ni kutokwenda.

Naye Eliya pia ana la kujifunza. Alipokimbia jangwani alimlalamikia Mungu kwamba amebaki peke yake. Akaambiwa kwamba wako watu elfu saba wasiompigia Baali magoti. Wale elfu saba walikuwa wapi? Hawakuwa jangwani. Walikuwa mashambani, masokoni, na wengine yawezekana walikuwa jikoni mwa Ahabu. Asimamaye nje ajihadhari na kiburi cha kudhani kuwa yeye peke yake ndiye mwaminifu. Wako wanaopiga kelele nje kwa kuwa hawakualikwa ndani, na debe tupu haliachi kuvuma.

Sisi wa Kanisa la Kilutheri tuna jeraha letu katika neno hili, na si vema kulificha. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliinuka kudai haki zao kwa mabwana. Martin Luther aliwaandikia kwanza mabwana, akawaambia kwamba dhuluma yao ndiyo iliyoleta mambo hayo. Akawaandikia na wakulima wasishike upanga. Lakini damu ilipomwagika aliandika maneno makali mno juu ya wakulima, na mabwana wakawachinja kwa maelfu mengi. Baadaye wengi walilitumia fundisho lake la tawala mbili za Mungu kwa namna isiyofaa, wakasema, "Mambo ya serikali ni ya serikali, sisi ni wa kuhubiri tu." Hata katika siku za Hitler, wako Walutheri wengi walionyamaza kwa maneno hayo, ingawa mchungaji Dietrich Bonhoeffer hakunyamaza, akanyongwa Aprili 1945. Kunyamaza ni kuketi pia. Asemaye, "Mimi simo," mara nyingi yumo, ameketi kiti cha nyuma.

Na hapa twafika penye haya yetu tuliyoitaja. Miaka kadhaa iliyopita duara moja lilititia, na kijana mmoja akafa ndani yake. Aliacha mke na mtoto mchanga. Kikaitwa kikao cha wenye machimbo na ndugu wa marehemu, ili yasemwe malipo ya mjane. Tukaalikwa kuja kuomba sala. Tuliomba sala ya kufungua, tukaomba na ya kufunga, na katikati tukanyamaza. Fedha iliyotajwa ilikuwa ndogo, hata mzee mmoja wa ukoo aliinamisha kichwa. Tulijua kwamba haikuwa haki. Tulikuwa tumeketi meza ya mbele. Tulipotoka tulipewa bahasha ya nauli, nasi tukaipokea. Mjane yule alitushukuru kwa sala. Mpaka leo shukrani yake yatuuma kuliko tusi.

Tumeisema habari hii ili mjue kwamba hatuandiki kama watu walio juu ya jambo. Siku ile hatukuwa Obadia wala hatukuwa Eliya. Tulikuwa mapambo ya baraza.

Na tumalize habari za Bwana Bomani, maana zina funzo la tatu. Mwaka 1960 aliingia serikalini kuwa Waziri wa Kilimo, na tangu 1962 akawa Waziri wa Fedha, akiiacha kazi ya ushirika kwa wengine. Baada ya kuondoka kwake yale mashirika makubwa yaliingiwa na ugonjwa. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta upotevu wa fedha, upendeleo wa jamaa, na viongozi waliojitajirisha, hali wanachama hawajui kilicho katika daftari. Baadaye shirikisho la Victoria likaondolewa, na Nyanza ikashika mahali pake. Hivyo mizani iliyotolewa mkononi mwa mgeni ili isidanganye, ilidanganya tena mkononi mwa ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Haki haina kabila, ndugu zangu, wala udhalimu hauna.

Tena katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bwana Bomani mwenyewe, waziri mkubwa, alishindwa Mwanza. Watu wale wale ambao pamba yao aliipigania walimpima, wakamwona amepungua. Hatujui kila mtu alikuwa na sababu gani moyoni. Lakini twajua kwamba hakuinua mkono kuivunja mizani ile. Rais alimrudisha bungeni kwa kumteua, akaendelea kuitumikia nchi, na miaka mingi akawa balozi wetu Marekani, naye akafariki mwaka 2005. Basi hii ndiyo dalili ya tatu: aketiye kwa ajili ya watu hukubali kupimwa na watu. Asiyetaka kupimwa na wale anaosema anawatetea, huyo ameketi kwa ajili yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata tulikwenda tena mtaani. Tulimwita yule mzee, tukawaita na wale vijana, na wajane wawili nao wakaja, tukaketi chini ya mwembe. Tulimwambia mzee kwamba twaona anaweza kuingia katika kamati, kwa mapatano matatu. Kwanza, kila mgao atakaoushuhudia, awaeleze wachimbaji hesabu yake siku ile ile, mbele ya watu. Pili, siku atakapoambiwa atie sahihi penye hesabu ya uongo, akatae na kutoka, hata ikiwa ni siku ya kwanza. Tatu, wachimbaji wenyewe waseme kila baada ya miezi sita kama bado wamtaka.

Mzee akafikiri sana. Kisha akasema, "Mchungaji, nimeyakubali yote matatu. Lakini nina swali. Posho yangu yatoka kwa wenye leseni. Siku nitakapokataa kutia sahihi, itakatwa, na shamba langu liko katikati ya maduara yao. Siku hiyo ninyi mtakuwa wapi?"

Hapakuwa na mtu aliyejibu upesi. Vijana walitazama chini. Nasi tulitazama chini, maana bahasha ile ya zamani ilikuwa ingali inatuuma.

Ndugu, sisi huuliza daima, "Je, fulani ni mwaminifu?" Hatuulizi, "Uaminifu wake ulipiwe na nani?" Obadia aliwalisha manabii, lakini twasoma wapi kwamba kuna mtu aliyejitayarisha kumlisha Obadia? Kumbukeni wapimaji wa pamba. Waliweza kusema uzito wa kweli mbele ya mnunuzi kwa sababu hawakula kwa mnunuzi. Walilipwa na wakulima, senti kwa senti, na watu maskini. Twataka watu wa haki katika mabaraza ya wenye nguvu, kisha twawaacha wale meza ya wenye nguvu peke yake, na siku wanapoanza kunena kwa lugha ya meza ile twawaita wasaliti. Mkono mtupu haulambwi.

Basi pale chini ya mwembe kijana mmoja wa kwaya, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, akasema kwamba wachimbaji wenyewe watoe kidogo katika kila kiroba, kiwekwe kwa mtunza hazina wao waliyemchagua, na posho ya mzee itoke humo, wala asipokee hata shilingi kwa wenye leseni. Mjane mmoja akasema yeye hana kiroba, lakini siku mzee atakapokosa chakula, jiko lake lipo. Tukaandika maneno hayo katika daftari, na kila mtu akatia sahihi, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba.

Hatujui kama jambo hili litasimama. Wenye leseni huenda wakalikataa. Mchimbaji mwenye njaa huenda akauficha mchango wake. Tangu mwaka 2019 lipo soko la madini Geita, ambako dhahabu hupimwa mbele ya watu wa serikali, nalo ni jambo jema. Lakini mgao wa mawe hufanyika porini kabla dhahabu haijafika sokoni, na huko porini hakuna mizani iliyo bora kuliko mtu asiyenunulika. Na mtu hawi asiyenunulika kwa nguvu zake peke yake. Huwa hivyo kwa kuwa nyuma yake kuna watu waliokubali kumgharimia.

Kwa hiyo, enyi wainjilisti na wazee, jibu letu kwa swali la kichwa cha habari hii ni hili: Yafaa kuketi, ikiwa mtu awalisha walio pangoni, na ikiwa yu tayari kupeleka ujumbe, na ikiwa akubali kupimwa. Yafaa na kusimama nje, ikiwa mtu hasimami kwa kiburi. Lakini kabla hamjamhukumu aliye ndani au aliye nje, kila usharika na ujiulize ni kitu gani ulichoweka akiba kwa ajili ya siku atakapofukuzwa.

Nasi tumemtafuta mjane wa kijana yule aliyefia katika duara. Tumeambiwa yuko upande wa Ushirombo, na mtoto wake amekwisha kuanza shule. Tutakwenda kwake mwezi huu. Safari hii hatutakwenda kuomba sala tu.

Neema ya Bwana na iwe nanyi nyote.